Mama Wastani Anauhama Mji Alioupima

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, kazi ikiisha, dada yetu wa Kitengo cha Tathmini atakabidhi funguo za kabati na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuupima mji huu. Kesho yake atahama. Hahami kwa kupenda: mumewe anaumwa figo, na mashine ya kusafisha damu iliyo karibu zaidi iko jiji kuu, mwendo wa nusu siku kwa gari. Mhariri wa jarida letu la watumishi ameniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, lakini mnisamehe nikichoka njiani, maana nimekaa meza ya mbele yake miaka kumi na tisa na habari hii bado haijanishuka.

Kwa wasiokijua kitengo chetu, nao ni wengi, sisi ndio tunaoliambia baraza la madiwani kila mwaka mambo matatu: watu wa hapa wanapataje riziki, mji unajulikana kwa lipi, na unakalika au haukaliki. Kila jambo lina alama zake. Tunajumlisha, tunagawa kwa tatu, tunapata wastani. Mji wenyewe ni wa katikati: wanaotoka mashambani wakifika hapa wanakumbatia mifuko yao, wanaotoka jiji kuu wanauliza mjini ni wapi. Kila mwaka ulipata alama za katikati vilevile, ndipo madiwani wakambandika dada jina la Mama Wastani. Hakukasirika. Alisema wanawe wamewahi kumwita vibaya zaidi.

Aliingia kazini akiwa na shahada ya uchumi na viatu visivyojua matope. Viatu alivibadilisha wiki ya kwanza. Hakuziamini takwimu zinazokusanywa kwa kukaa kitini, kwa hiyo kila mwaka alizunguka mwenyewe, sokoni, stendi, kwenye foleni ya maji, akiuliza swali moja ambalo halimo katika mwongozo wowote: ukipata pesa nyingi leo, utahamia wapi? Waliosema hawahami aliwapa uzito mkubwa. Kinyozi wa stendi alimwambia yeye atahama siku vichwa vitakapohama. Muuza nyanya mmoja alimtazama kwa huruma: "Nihame niende wapi, mwanangu, na majirani zangu nimeshawazoea ubaya wao?" Mama Wastani alilipa jibu hilo alama nane kati ya kumi. Mkuu wa idara alilikataa, wakabishana mpaka chai ikapoa, na alama nane zikabaki.

Adui yake mkubwa lilikuwa neno "fursa". Mwaka walipokuja wataalamu wa kukodiwa, wenye suti nzito na ripoti yenye picha za rangi, neno hilo lilikuwa limejaa kila ukurasa kama mchanga kwenye mchele. Aliwauliza kwa adabu ni nani hapa mjini amewahi kuila hiyo fursa ikamshibisha. Wakajibu kwamba utafiti unaendelea. Tangu siku hiyo, mtu wa ofisi yetu akiandika "fursa" hurudishiwa karatasi yake bila salamu. Mimi nilirudishiwa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Sasa nifike kwenye lango, maana haliepukiki. Alama zetu za utambulisho zilikuwa mkiani kwa miaka. Mji jirani wa mashariki unajulikana kwa pamba, wa magharibi kwa chuo chake. Mama Wastani aliwauliza wasafiri wanatujua kwa lipi, nao wakajibu kwamba hapa ndipo gari linaposimama watu wakajisaidie. Akaliandika hivyohivyo, kwa lugha ya heshima, na kulisoma mbele ya baraza. Madiwani walinuna kama waliotukanwa mama zao. Mwaka huo kulikuwa na fedha ya mradi mmoja tu, na maombi mawili mezani: mashine mbili za figo kwa hospitali yetu, au lango kubwa la kukaribisha wageni pale barabara inapoingia mjini. Tuliagizwa tupime lipi litapandisha alama zaidi. Tukapima. Wagonjwa wa figo walikuwa wachache, na lango lingeonwa na kila apitaye. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Lango likajengwa, alama zikapanda, baraza likatuletea keki.

Wakati ule shemeji, maana mume wa dada yangu ni shemeji yangu, alikuwa mzima wa afya, fundi cherehani mwenye kelele, nusu ya sare za shule za mji huu zimepita mikononi mwake. Miaka minne baadaye akaanza kuvimba miguu. Mganga hajigangi, wahenga walisema, na mimi nimeona kwa macho yangu. Dada alikuwa anarudi kutoka jiji kuu alfajiri, mume amemlaza nyumbani, anaingia ofisini kukokotoa idadi ya vitanda vya hospitali kwa kila wakazi elfu. Vitanda vilikuwa vimeongezeka. Aliandika kwamba vimeongezeka, kwa sababu ni kweli.

Nilimshauri atie kisa cha nyumbani kwake kwenye ripoti. Nilimwambia atakufa na tai shingoni, kwa namna ya kusema. Alikataa katakata. Mpimaji, alisema, haweki nyumba yake kwenye mizani. Alichofanya ni kuomba upya mashine zile mbili, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mara akitaja wagonjwa wote wa wilaya na kumwacha mmoja. Kilio cha samaki, machozi yalikwenda na maji. Wawili hawa hawakutaka kwenda popote. Nyumba wameimaliza juzijuzi, shemeji kaweka kibao chake cha ufundi ukutani, na hata mwaka huu walikuwa wakisema kwamba baraza likikubali tu, wanabaki.

Ombi la mwaka huu lilisomwa wiki iliyopita, katika kikao chake cha mwisho. Ukumbi ulijaa, kwa sababu kulikuwa na chakula. Alisoma ripoti yote kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka: uchumi umesogea kidogo, utambulisho umetulia, ubora wa maisha umepanda. Makofi. Ombi la mashine likaahirishwa hadi kikao kijacho, kwa kuwa ajenda ilikuwa ndefu. Kisha meya, aliyekuwa na furaha na wala hakuwa na nia mbaya, akasema kwa kuwa mama anatuaga, basi aweke kando hesabu na atupe alama yake mwenyewe. Mji huu, mama, wewe binafsi unaupa ngapi?

Alivua miwani. Akasema, "Mheshimiwa, mimi Jumamosi nahama." Akakaa.

Diwani mmoja, aliyeshonewa suti yake ya kiapo na shemeji, alitazama meza. Meya alimshukuru, akaenda kwenye ajenda inayofuata, iliyohusu taa za lango. Ningependa kuwaambia kwamba ombi lilirudishwa mezani siku hiyohiyo. Halikurudishwa. Tumeahidiwa litajadiliwa, nami nitalipeleka tena, nikijua mlango wa baraza ulivyo mzito.

Dada, idara inakushukuru kwa kutufundisha kwamba mji hauonekani kutoka dirishani. Mimi nakushukuru kwa kunirudishia karatasi zangu. Ulitudai ukweli hata ulipokuwa unakuumiza mwenyewe, na sisi tulikulipa kwa keki na makofi. Naona haya kuliandika hilo katika jarida la sherehe, lakini ndilo lililopo. Mpe pole shemeji. Mwambie tunaye moyoni.

Tunawatakia maisha mema huko muendako, na usingizi wa kutosha, na hospitali iliyo karibu. Mwakani itaniangukia mimi kuandika idadi ya waliohama. Nimeshajaribu hesabu: nikiwatoa nyinyi wawili, wastani wa mji huu haubadiliki hata kidogo.