Wajapani wa Maskati

Assalaam alaykum wanangu, na nyie wenzangu wa rika langu, tuliobaki. Mwenye nyumba kaniambia nisimame mbele kama walivyosimama wenzangu, lakini magoti yangu yamekataa, kwa hivyo ntasema hapa hapa nilipokaa. Aliye mbali asogee. Na kahawa isizunguke kwanza, maana vikombe vikigongana mimi husahau nilipofika.

Sharti la kikao hichi chetu cha wajane nnalijua: hatutaji jina la mtu. Basi marehemu mume wangu ntamwita mume wangu, mama yake ntamwita mkwe, na mtoto wa ami yake ntamwita Mpiga Debe. Si mpiga debe wa kumtafutia mtu kura, la. Huyu alipiga debe kweli, debe la samli.

Mume wangu alikuwa mwalimu Unguja, na wazimu wake ulikuwa magitaa. Taarabu aliiheshimu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye muziki wa vijana wa siku zile, wa gitaa la umeme na ngoma za kuchezea tuwisti. Mwisho wa mwaka wa sitini na tatu akanunua gitaa lake mwenyewe, limetoka Japani, jekundu, linang'aa kama kucha zilizopakwa rangi. Sasa wasiojua nawaambia: gitaa la umeme halina tumbo. Ni ubao mtupu. Bila ya mashine yake ya kupaza sauti, ukilipiga husikii ila kijisauti, kama mbu yuko chumba cha pili. Mashine ikaagizwa. Kabla haijafika, yakafika mapinduzi.

Hayo sitayasimulia. Nusu yenu mmeyasikia kwa wazee wenu, na nusu wazee wenu waliyanyamazia, nao walikuwa na sababu zao. Mimi nilimpoteza baba yangu na kaka yangu. Sisi tuliosalia, pamoja na mkwe na Mpiga Debe, tukapata nafasi kwenye meli ya kuja huku Omani. Mimi nimembeba mwanangu wa kike na kanga mbili. Mume wangu kabeba gitaa. Ndugu zangu, nawaambia, nilimsema mume wangu njia nzima. Sufuria hatuna, godoro hatuna, tuna ubao mwekundu usiolia!

Nyie mnaokuja hapa Azaiba na gari zenu, Maskati ile hamuijui. Mji ulikuwa ndani ya ukuta, na usiku lango hufungwa. Ukitoka kiza kimeshaingia, lazima uchukue taa mkononi. Muziki wa hadharani marufuku. Umeme ulikuwa wa nyumba za kuhesabu, na yetu haikuwamo. Jamaa mmoja wa mkwe alitupa chumba na kiukumbi: chumbani sisi na mtoto, ukumbini mkwe, na Mpiga Debe barazani. Mwalimu mzima akawa mtunza ghala la mchele, Mutrah, bandari ya jirani. Akirudi nyumbani nywele nyeupe kwa vumbi la magunia.

Lakini joto na vumbi havikuniuma kama neno nililoambiwa kisimani. Unguja tuliitwa Waarabu, na kwa Uarabu huo ndio tukatolewa. Tumefika kwa Waarabu, Kiarabu chetu kinachechemea. Nikitaka kusema neno, hutoka la Kiswahili. Bibi mmoja jirani yetu akanitazama mimi na kanga yangu, kisha akawaambia wenzake, "Hawa Waarabu wa Yabani."

Yabani ndiyo Japani. Na siku zile kitu cha Kijapani maana yake cha kuigiza, rahisi, kinavunjika upesi. Si leo, mnapozigombania gari zao. Wakacheka wote. Nikarudi nyumbani na ndoo nusu, ninalia.

Nikamhadithia mume wangu, nikitaraji atakasirika. Mwanamme akacheka mpaka akashika ukuta. "Alhamdulillah!" akasema. "Siku zote hizi natafuta jina la bendi, na bibi wa watu kanipa bure."

Basi ndiyo ikawa bendi ya Wajapani. Bendi gani, jamani! Watu wawili, gitaa lisilosikika, na debe lililojazwa matambara ndani ili lisisikike njiani. Wakijifunza kila alasiri mume wangu akirudi ghalani, milango imefungwa, jasho linawatiririka. Mkwe hukaa mlangoni na tasbihi yake, akiangalia asije mtu. Na mimi, kwa sababu nilikuwa nikimcheka, siku moja mume wangu akaniambia, "Njoo. Weka shavu lako hapa, juu ya ubao."

Nikaweka. Wanangu, sijui niwaelezeje. Ukiweka shavu, sauti haiji masikioni, inaingia kwenye mfupa. Nje hamna kitu, na ndani ya kichwa chako mna harusi nzima.

Tangu siku hiyo sikumcheka tena. Kila wimbo alioutunga, niliusikia hivyo, shavu kwenye ubao, na yeye ananiimbia maneno taratibu kwenye sikio la pili. Ubeti kwa Kiarabu, ubeti kwa Kiswahili, kama tunavyozungumza majumbani mwetu. Mpiga Debe akizijua pigo zake, lakini maneno hasa, na pale sauti inapopanda na inapovunjika, nilivijua mimi peke yangu. Mume wangu mwenyewe hajapata hata siku moja kulisikia gitaa lile likilia kwa sauti yake. Hata siku moja! Alikuwa akiniambia, "Ngoja siku tutakayolitia umeme. Mji mzima utatoka nje."

Mwaka wa sitini na nane akaanza kukohoa. Tukasema vumbi la mchele. Halikuwa vumbi. Hospitali ilikuwa moja, mbali, na walipomtazama kifua kilikuwa kimeshaliwa. Tukamuuguza, mimi na mkwe, kwa zamu. Pumzi ya kuimba ikamwisha, kwa hivyo yeye akitembeza vidole kwenye nyuzi na mimi ndiye nnayemuimbia, pole pole, mdomo kwenye sikio lake. Asubuhi moja, mwaka wa sitini na tisa, akanishika mkono, akaniuliza, "Hivi unadhani lingelia vipi?"

Kabla ya Ijumaa ilikuwa khalas. Inna lillahi.

Nilikaa eda kama ilivyo. Eda ilipokwisha, watu wakaja kunitoa, na mimi sikutoka. Wenzangu, hapa ndipo nilipoanguka, na sitaki kupapamba. Nililizonga gitaa kwa kanga, nikalilaza upande wake wa kitanda, nikalala nalo. Sikusema. Mwanangu ndiye akinisemea: mama anataka maji, mama hataki chakula. Mtoto mdogo kafanywa ulimi wa mtu mzima. Nywele sikuchana. Nilinuka, naam, nilinuka, na mkwe akiniogesha kama maiti, huku akinisomea. Na machozi hayatoki. Tangu mazishi sijalia hata tone.

Mwaka wa sabini akaingia Sultani mpya, mambo yakageuka kwa kheri. Lango likaachwa wazi. Taa za mkononi zikatupwa. Watu wakapiga ngoma njiani, na waliokuwa Kuwait na Misri wakaanza kurudi. Redio ikafunguliwa papa hapa nchini. Nyie mnahadithiwa furaha ile. Mimi niliisikia dirishani, nikajifunika shuka. Nilikasirika. Nilimkasirikia kila anaecheka. Nikawa namwambia Mola moyoni, mwaka mmoja tu, ya Rabbi, ungemzidishia mwaka mmoja tu.

Ndipo alipokuja Mpiga Debe, kasimama mlangoni na kofia yake mkononi. Kapata vijana wawili waliorudi kutoka Kuwait, mmoja anajua kupiga gitaa, na wamekuja na mashine ya kupaza sauti. Redio wanatafuta watu wa kuimba. Gitaa ndilo hawana. "Shemegi," akasema, "Wajapani wanaitwa."

Nikasema, "Hapana." Ndilo neno la kwanza lililotoka kinywani mwangu tangu eda.

Naye hakunilazimisha, Mungu amrehemu. Akaitikia kwa kichwa, akenda kuvaa viatu vyake. Mkwe akanyanyuka pale mlangoni, akaja akakaa kitandani kwangu. Mwanamke ambaye hajapata kunipandishia sauti.

"Huyu nimemzaa mimi," akasema. "Miaka yote hiyo anapiga humu, nami nimekaa pale mlangoni nnawalindia, sijasikia kitu. Wewe ulikuwa na shavu lako. Mimi mkwe mtu, ningeliweka wapi langu? Kafa mwanangu sijamsikia. Sasa unataka na mie nife sijamsikia?"

Ndugu zangu, nawaambia, nilimtazama kama ndiyo kwanza namuona. Nilidhani msiba ule wangu peke yangu. Nikalizongoa gitaa. Fundo la kanga likanishinda, na yeye akalifungua kwa meno.

Tukenda sote nyumba moja yenye umeme, ya watu wa wale vijana. Yule anaejua gitaa akalichomeka, akagusa uzi mmoja, uzi mmoja tu. Sauti ikajaa chumba, ikatoka madirishani, kuku wa jirani wakakimbia. Mkwe akajishika kifua. Akasema, "Kumbe mwanangu alikuwa na sauti yote hii."

Hapo ndipo machozi yangu yalipotoka. Nililia yale ya mume wangu, nikalia na ya baba yangu na kaka yangu, ambayo nilikuja nayo kwenye meli na sikupata pahala pa kuyaweka. Hapana aliyenambia nyamaza.

Nilipotulia wakaanza wimbo. Mpiga Debe anakumbuka pigo, maneno anayapapasa. Akakosea. Akakosea tena pale pale. Mimi nimekaa pembeni na buibui langu, nikajisikia nasema, "Sivyo." Wakanigeukia. Nikauimba ubeti ule kama nilivyoimbiwa, taratibu, mpaka mwisho wake. Mpiga Debe akainama juu ya debe lake, uso hatuuoni. Kisha akasema, "Shemegi, tena. Kwa sauti."

Redioni nilikwenda na mkwe. Alikaa ubavuni pangu kashika pindo la buibui langu, ili atakaekuwa na neno juu ya mwanamke anaeimba, aanze naye yeye. Jina langu halikutajwa. Ilisemwa tu, hawa ni Wajapani. Basi mji ukapinduka! Watoto wa Mutrah wakiuimba wimbo wa mume wangu, wachukuzi bandarini wakiupiga mbinja. Mzee mmoja alimwambia mkwe, na uso wake mkavu kabisa, "Mashaallah, hawa Wajapani Kiswahili chao kimenyooka, nani kawafundisha?" Mkwe akamjibu, "Nafikiri mama yao." Tukaitwa harusi moja, tukaitwa ya pili, mpaka watu wakawa wanasogeza siku ya ndoa kutungoja sisi.

Na siku moja akabisha hodi yule bibi wa kisimani. Anamuoza mwanawe, anataka Wajapani. Mkwe akamtazama juu hata chini. "Wa Yabani? Wanavunjika upesi, bibi." Yule bibi wa watu akacheka kidogo, cheko likageuka kilio, akamshika mkwe mikono akimtaka radhi. Mkwe akammiminia kahawa. Tukenda, tukampigia, na ndipo alipoitoa hina aliyomwekea bibi harusi, akanitia na mimi, mjane, vidoleni.

Lakini nisikudanganyeni. Sikupona siku ile. Kila watu waliposhangiria, nilikuwa nikigeuza kichwa upande wangu wa kulia, pale ambapo angelisimama yeye. Mpaka leo nageuza. Aliyezitamani siku hizo zaidi yetu sote ndiye asiyeziona, na hilo halina dawa, wala redio haikulitibu.

Namshukuru Mola wangu. Namshukuru Mpiga Debe, ambaye alikubali "hapana" yangu na hakunichukia. Namshukuru mkwe, Mungu amuweke pema, alieniogesha nikiwa hai. Namshukuru na yule bibi, maana jina lilikuwa lake. Ninalojua mimi ni dogo. Nilidhani nikilifunga gitaa ndani ya kanga namuhifadhi mume wangu. Nilikuwa namzika mara ya pili, na mama yake amekaa mlangoni anangoja kumsikia. Msiwafungie wenu. Pana mwengine hapo nyumbani anaengoja.

Nimalize na wewe, binti yangu uliyekaa pale mlangoni. Jina lako silijui na sikuulizi. Umekuja kikao hichi na kile kilichopita, na bado hujasema neno, na wenzako wanakuonea haya kukuuliza. Mimi sikuonei. Siku utakayotaka kunihadithia khabari za marehemu wako, huna haja ya kusimama mbele, wala ya kupaza sauti. Njoo ukae hapa karibu yangu, useme polepole upendavyo. Mimi nimezoea kusikiliza kwa shavu.