Neno Moja la Hashil Badar kwenye Simu ya Reli

Assalamu alaykum. Jamaa, majirani na wageni mliojaa barazani mpaka uchochoroni, tunakuombeni utulivu kidogo kabla jeneza halijanyanyuliwa, tukusomeeni maisha ya ndugu yetu, na mtuwie radhi mapema, kwani karatasi hii imeandikwa na watu wenye uchungu na hatukuweza kuuficha.

Marehemu Hashil Badar Sami alizaliwa Ijumaa, tarehe 12 Machi 1976, katika nyumba hii hii ya Malindi, Mji Mkongwe, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Badar na Bi Zeyana, wote wametangulia mbele ya haki. Alianza skuli mwaka 1983, akamaliza kidato cha nne mwaka 1994, hodari wa hesabu, mkaidi, mwepesi wa ngumi, na mwaka 1996 akatuchekesha sote alipotangaza kwamba anakwenda bara kusomea ufundi wa reli, maana kisiwa hiki treni yake ilikuwa ile ya Bububu, nayo iling'olewa zamani kabla hata baba yetu hajazaliwa, basi mtaa mzima ukambandika jina la Stesheni Masta, likamganda mpaka jana.

Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1998 kuwa fundi wa njia, akapanda hadi mkaguzi mwaka 2009, kazi ya kutembea kwa miguu juu ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli, kutwa nzima, akigonga reli na kuchungulia makaravati ya kupitishia maji, katika kipande cha milimani kinachopita stesheni ndogo ya Kidunduli. Alifunga ndoa Ijumaa, tarehe 15 Agosti 2003, na Bi Muzna binti Himid wa Kizimkazi, wakajaaliwa watoto wawili, Maha mwaka 2005 na Sami mwaka 2009, na kila likizo alikuja na viatu vyenye matope mekundu ambayo Bi Muzna alikataa katakata yaingie ndani.

Mwaka 2021 wenye pesa zao walikipenda kilima cha Kidunduli kwa ajili ya upepo wake, wakaleta matingatinga, wakakata miti, wakachonga ngazi za majumba ya kupangisha wageni, na udongo wote wakausukuma chini, upande wa reli, ukaziba mitaro. Tangu hapo kila masika kilima kilimwaga tope juu ya njia, treni ya abiria ikasimama siku mbili, siku tatu, watu na watoto wao wakilala sakafuni stesheni, wagonjwa wakikosa hospitali, na Hashil akiandika barua, mara saba aliandika, na mara ya nane alipanda mwenyewe akamkaba msimamizi wa ujenzi kwenye ukuta, akapewa onyo la kinidhamu, na tingatinga likaendelea kukwangua. Loo, onyo alipewa yeye!

Jumapili ya tarehe 13 Aprili 2025, saa tisa na dakika arobaini alasiri, mvua ikipiga kama inagombana na mtu, kilima kiliporomoka kikafukia reli urefu wa nyumba tatu. Hashil aliukuta ule mwamba wa tope mbele ya macho yake, akapiga simu stesheni, na msaidizi aliyeipokea akaita jina lake kisha akauliza kama njia ni salama, lakini kwa kishindo cha mvua marehemu alisikia jina lake tu, basi akajibu kama kila mtoto aliyelelewa na Bi Zeyana anavyoitika anapoitwa, "Naam!", yaani nakusikia, sema, na hapo simu ikakatika, isishike tena. Huko bara neno hilo, likijibu swali, ni ndiyo. Treni yenye abiria zaidi ya mia nne ikapewa ruhusa.

Aliposikia honi alifahamu. Alikimbia kuikabili, akatega fataki mbili juu ya reli, zile zinazolipuka chini ya gurudumu kumwonya dereva, zikalipuka, breki zikalia, na injini ikasimama pua yake ikigusa tope, watu wakaanza kushangilia madirishani, na ndipo kilima kikaja mara ya pili. Kilivunja ubavu wa behewa la pili kikalilaza, vioo, mabati, mawe na watu vikawa kitu kimoja, na Hashil akaingia, akatoa mtu, akaingia, akatoa mtu, kucha zikamtoka, mara ya nne behewa likabingiria likamsaga kiuno na miguu yote miwili. Watu saba walikufa pale.

Alilazwa bara wiki tano, akakatwa mguu, figo zikachoka, akaomba aletwe kwao, na katika muda huo huo ripoti ikatoka, imeandikwa kwamba mkaguzi alithibitisha njia ni salama, kilima hakikutajwa hata kwa mstari mmoja. Sisi tulitaka kupiga kelele magazetini, yeye akatukataza, akasema kilima kina wenyewe na Mungu anawajua, ila neno lilitoka kinywani mwake, kisha akatafuta nambari za familia zote saba, akawapigia mmoja mmoja akiwaeleza alichosema na akiwaomba radhi. Wanne walimsamehe, wawili walimlaani, akaitikia laana zao kwa adabu mpaka walipomaliza. Bi Kidawa, aliyefiwa na mwanawe pekee, alisikiliza mpaka mwisho, akakata simu bila ya kusema neno, na hilo ndilo lililomtesa ndugu yetu kuliko mguu.

Alifariki jana Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, wakati wa magharibi, akiwa na miaka arobaini na tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa bara na wa hapa Unguja, mafundi wenzake waliojitolea damu, na majirani wa Malindi ambao tangu jana hawajaacha jiko letu lipoe. Tunamshukuru pia Bi Kidawa, aliyepanda boti ya kwanza kutoka bara asubuhi hii, hatukumwita, tuliona haya, na sasa hivi amekaa ndani kwa wanawake, amemshika mkono Bi Muzna. Tulimtuma dada yetu Hamda amwombe radhi kwa niaba ya maiti, akajibu kwamba kusamehe bado hajaweza, asidanganywe mtu, lakini katika wote waliohusika kijana huyu peke yake ndiye aliyempigia simu, basi hatabanduka hapa mpaka jeneza litoke.

Kalale, Hashil, umechoka, Mola akupokee kwa rehema zake.