Bado Inavuta Kushoto?

— Hivi wewe, vidole vyako umemkodisha nani?

Aliyeuliza ni Kinyozi. Aliyeulizwa ni Mdogo, mchomea vyuma, bingwa wetu wa gemu la mpira, ambaye jana alifungwa saba bila na mtu aliyekuwa amebana simu begani akigombana na mkewe. Benchi lao limeegemea ukuta wa duka langu la fotokopi, kwa hiyo dirishani nasikia yote, hata nisiyoyataka. Kinyozi hukaa karibu na birika la kahawa. Dereva, aliyestaafu malori lakini hajastaafu kutoa maelekezo, hukaa katikati. Fundi wa simu hukaa ubavuni kwa Mdogo, na siku hizi anaviangalia sana viatu vyake mwenyewe. Mdogo aliitwa Mdogo kwa sababu alikuwapo Mkubwa, kaka yake. Mkubwa alihama mji, akahama namba ya simu, mwisho akahama hata midomoni mwa watu. Jina la mdogo wake likabaki kama kandambili ya mguu mmoja.

— Tatizo ni nywele, akasema Kinyozi. Zinazuia akili kushuka vidoleni. Njoo nikupunguze hizi za pembeni, akili ipate njia.

— Tiba zako zote zinaishia kwenye kiti chako, nikamwambia.

— Dada, mchagua jembe si mkulima.

— Jembe limeingiaje hapa?

— Tatizo ni shati, akadakia Dereva. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Shati hilo ndilo ulilochukulia ubingwa mwaka juzi. Ushindi umeshaisha humo, limebaki jasho.

Fundi akakohoa.

— Halafu huijui pedi yako ya gemu. Mimi lori sikulijua mpaka nilipolala chini yake. Ilaze kwenye mto wako wa kitandani, mwezi mzima, kichwa kwa kichwa.

— Mchujo ni kesho, mzee, akasema Mdogo.

— Basi kalale sasa hivi!

Wakacheka. Mdogo hakucheka.

— Mazoezi nafanya. Kabla ya kazi nafanya, mchana wenzangu wakila nafanya. Kila nikizidisha, naharibu. Nikimtuma mtu mbele, anakwenda kulia. Nikipiga golini, kulia. Gumba langu limekufa. Nadhani ni ule moto wa kuchomelea.

— Gumba halifi, linasusa, akasema Kinyozi. Kuna watu wanalitazama vibaya.

— Livishe soksi, akasema Dereva.

— Fundi nawe, sema neno basi! Umekuwa nguzo? akasema Kinyozi.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, akasema Fundi, kisha akawa kama mtu aliyejing'ata ulimi.

Alikuwapo mama mmoja akisubiri kopi za vyeti vyake, mgeni kabisa mtaani. Akageuka.

— Samahani jamani. Si ni gemu tu? Mwakani si lipo?

Mdogo alikizungusha kikombe chake kitupu.

— Fainali peke yake ndiyo inarushwa mtandaoni, mama. Mwaka jana nilifika. Watu wanaandika chini kule, matusi, vicheko, kama kawaida yao. Katikati akatokea mmoja hana jina, hana picha. Akaandika, "Bado inavuta kushoto?" Basi, akapotea.

— Nani huyo?

— Kaka. Hii pedi ni yake. Kijiti cha kuongozea kinavuta kushoto tangu tuko shule, na hatukuwa na nyingine. Tukajifunza hivyo hivyo: ukitaka mtu wako aende mbele, unakisukuma kulia kidogo, unashindana nacho. Mimi nikikishika, najiona kama bado kanishika mkono ananivuta kwake. Nilimjibu siku ileile. Namjibu mpaka leo, hakuna kitu. Pale fainalini ndipo mahali pekee ninapojua ananiona. Nisipofika, atafungua, atakuta watu wengine.

Mama yule alikuwa bado ameshika vyeti vyake.

— Na sasa, bado inavuta?

Mdogo akaitoa pedi mfukoni mwa ovaroli, akakigusa kijiti kwa gumba lenye makovu ya cheche. Kikasimama wima, kimya, kama askari mgeni.

— Nilipompelekea, Fundi aliipuliza vumbi tu, akasema. Si ndiyo, Fundi?

Kinyozi akaliinamisha birika. Yakatoka machicha.

— Si ndiyo, kaka?

— Haivuti, Fundi akaviambia viatu vyake. Nilipoifungua nilikuta kijiti kimekwisha, kimechimbika kwa magumba yenu. Nikasema, mtu huyu ameteseka miaka yote na kitu kibovu, ngoja nimpe zawadi. Nikakitupa, nikaweka kipya. Nilitaka ushinde kwanza, ndipo nikwambie.

Akainua uso.

— Niliitengeneza, Mdogo. Nisamehe. Niliitengeneza.