Wageni Wanaokuja na Majembe

Kijiwe chetu kina benchi moja, mabirika mawili ya Mama Birika muuza kahawa, na mdomo wa mwenzetu tunayemwita Waziri. Benchi linatazamana na uzio wa waya wa shule, na ndani ya uzio kuna bustani ya darasa la kilimo. Mimi nashona viatu pembeni, kwa hiyo nasikia kila kitu na silipwi chochote. Asubuhi ile Msumari, fundi seremala, alikuja mapema akaupa uzio mgongo, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu alipoliunda benchi hilo kwa mkono wake. Kila mtu alijua sababu. Juzi alimtoa binti yake darasa la kilimo, na kwa kuwa mtaa mzima unamheshimu, wazazi wengine nao wakaanza kuwatoa wa kwao. Mchana huo chama cha wakulima kilikuwa kinakuja kuliona darasa. Kikikuta watoto wapo na wazazi wameafiki, kitaacha tangi la maji, mbegu, majembe madogo, vitabu na kifaa cha kupimia udongo. Kikikuta bustani tupu, vitu vinakwenda shule nyingine. Kahawa ilikuwa ya moto na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka.

Waziri: Nauliza tu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wageni wanakuja na majembe yao siku ya kwanza. Mmeshaona wapi?

Redio: Hata mimi imenishtua.

Redio ni mlinzi wa duka la jirani. Habari ikilala kwake inaamka imenenepa.

Waziri: Tena majembe ya aina tatu. Na mchagua jembe si mkulima. Kwa hiyo mtoto akipewa ya kuchagua, hapo kilimo hakuna.

Mama Birika: Methali hiyo inamsema mvivu, Waziri.

Waziri: Inamsema yeyote anayekaa vibaya mbele yake.

Redio: Mimi nasikia siri iko kwenye tangi. Litakinga mvua ya paa la shule. Leo paa la shule, kesho paa langu. Mwishowe mvua itakuwa na mwenyewe.

Waziri: Mvua ni kitu kidogo. Hicho kifaa cha kupima udongo je? Wakishajua udongo wa hapa ni mzuri, shule inahamishwa. Halafu mtaa. Baada ya muda hapa ni mahindi mpaka barabarani, na sisi tumesimamishwa katikati na makoti mabovu, tunafukuza ndege.

Mimi: Koti bovu unalo tayari.

Waziri: Cheka, fundi. Samaki mkunje angali mbichi. Wameanza na watoto kwa sababu sisi tumeshakauka. Mtoto akipenda udongo, anahama. Wakihama wote, hizi nyumba atapanga nani?

Redio: Panya.

Mama Birika alilitua birika kwa kishindo kidogo.

Mama Birika: Msumari, mdogo wangu, hawa wanapiga soga. Wewe umemtoa mtoto kweli. Nawe unaogopa panya?

Msumari: Sababu yangu naijua.

Mama Birika: Mtaa umekufuata bila kuijua.

Msumari: Sikumwomba mtu anifuate.

Alisema taratibu. Hapo ndipo mwalimu wa kilimo alipovuka barabara. Ni binti mdogo bado, na buti zake nazifahamu kuliko ninavyomfahamu yeye, maana matope yake yamenilisha sana.

Mwalimu: Shikamooni.

Tukaitikia. Mama Birika akamsogezea kigoda. Hakukaa.

Mwalimu: Baba, samahani kukufuata kwenye kahawa yako. Nyumbani nimekukosa.

Msumari: Karibu, Mwalimu.

Mwalimu: Wageni wanafika mchana. Nimebaki na watoto wachache. Nikiwauliza wazazi, wananiambia wanamsikiliza Msumari. Na mimi nimekuja kumsikiliza.

Msumari aliweka kikombe chini. Akakunjua viganja vyake juu ya magoti, akawa anaongea navyo.

Msumari: Kilimo nimekisoma, Mwalimu. Ukichelewa, jembe. Ukipiga kelele, jembe. Ukikosa hesabu unapimiwa kipande ulime, wenzako wako darasani. Mwaka aliolazwa mama yangu, mimi ndiye niliyekuwa nawapikia wadogo zangu uji asubuhi. Nilichelewa kila siku. Kile kiwanja nilikilima karibu chote peke yangu, na hakuna aliyeniuliza kwa nini nachelewa. Nikaapa, mwanangu hatashikishwa jembe shuleni. Nimempeleka ashike kalamu.

Miaka yote nimekaa naye pale na sikuwahi kulisikia hilo. Nilimwonea uchungu. Waziri alifungua mdomo, Mama Birika akamkata jicho, akaufunga.

Mwalimu: Pole sana, baba. Lakini ulichofanyiwa hakikuwa kilimo.

Msumari: Jembe ni jembe.

Mwalimu: Kwangu mtoto akikosa, jembe hapewi. Adhabu yangu ni moja tu. Anasimama nje ya uzio mpaka kipindi kiishe. Wanaichukia kuliko fimbo.

Redio: Adhabu ya kuzuiwa kulima?

Mwalimu: Ndiyo. Na binti yako hajawahi kuipata. Yeye ndiye anayepima mvua kwa chupa na kuwasomea wenzake. Tangu juzi hakuna aliyekubali kuichukua kazi yake.

Msumari: Watazoea.

Mwalimu: Siwezi kumrudisha bila neno lako, mkuu wa shule amenikataza. Na amesema darasa likifa leo halifufuliwi. Bustani itakuwa maegesho ya magari, na mimi nitahamishwa.

Msumari: Kumbe ni kibarua chako unachokililia.

Mwalimu: Na kibarua changu pia, baba. Sioni haya kusema.

Walitazamana. Msumari ndiye aliyeshusha macho, akakiokota kikombe chake. Mwalimu akasema ana kipindi, akarudi alikotoka.

Waziri: Haya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndiyo maana migongo ya watoto...

Mama Birika: Kunywa kahawa, Waziri.

Waziri akanywa. Tulikuwa hivyo, kila mtu na kikombe chake, alipofika mwanamke mmoja na ndoo iliyojaa vyombo. Alikuwa mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma, ndiyo kwanza anahamia. Akaketi mwisho wa benchi akiutazama uzio, akaomba kahawa, akapumua.

Mpangaji: Watoto wa hapa wana bahati. Sisi udongo tulisomea kwenye picha.

Kule bustanini watoto wachache walikuwa wamekizunguka kitu ardhini, wanasukumana kukiona. Nje ya waya alisimama mmoja peke yake, na sare yake, ameshika chupa yenye maji kidogo ya mvua ya alfajiri.

Mpangaji: Ila yule binti wa nje, mwenye chupa. Amefanya kosa gani?

Waziri, ambaye ana jibu la kila kitu mpaka la mambo asiyoulizwa, alitazama ndani ya kikombe. Redio alikohoa. Mimi nilikuwa navuta uzi kwenye kiatu nilichokwisha kukimaliza. Msumari akageuka polepole pale alipokaa, akamtazama mwanawe.

Mpangaji: Au nimeuliza vibaya?

Mama Birika: Hapana, mdogo wangu. Umeuliza vizuri.

Akainamisha birika kwenye kikombe cha Msumari. Yalitoka mashapo tu. Msumari hakuyasubiri. Alisimama, akavuka barabara bila kutazama gari, akaenda mpaka usawa wa binti.

Binti alipomwona, aliificha chupa mgongoni haraka, akainamisha kichwa, akasubiri kugombezwa.

Kutoka benchini hatukusikia neno. Tulimwona Msumari anasimama muda mrefu mikono ikining'inia. Kisha akanyoosha mmoja, anaomba. Binti alichelewa kuitoa ile chupa, lakini aliitoa, akamwonyesha kwa kidole maji yalipofikia. Msumari akaiinua kwenye mwanga, akatazama. Akamrudishia, akakisukuma kilango cha uzio, akakishikilia mpaka mtoto akapita.