Pindo Hupimwa Kabla ya Kukata

Wasikilizaji wapendwa, kabla hujaketi vizuri, shika nguo uliyovaa. Fuata kitambaa mpaka mwisho wake, chini kabisa. Utakuta kimekunjwa kwa ndani na kushonwa. Hapo ndipo mafundi wanapoita pindo.

Leo tunamkumbuka mwanamke aliyepewa jina kwa sababu ya kipande hicho cha nguo. Mtaa mzima ulimwita Bi Pindo. Alikuwa fundi cherehani. Tumemzika wiki hii.

Jina alilipata kwenye sare za shule. Mzazi akileta kitambaa, Bi Pindo alikunja sehemu kubwa kwa ndani. Wazazi walinung'unika. "Fundi, mbona unaficha kitambaa changu?" Naye alijibu sindano ikiwa mdomoni: "Sikifichi, nakiwekea mwakani. Mtoto anakua, mama. Bei nayo inakua, tena yenyewe haili." Mwaka uliofuata mzazi alirudi na sare ileile. Bi Pindo alifumua pindo, akalishusha, mtoto akaenda shule.

Lakini wakati huo, wasikilizaji, cherehani haikuwa yake.

Naomba mlishike hilo. Cherehani haikuwa yake. Alikodi. Alishona katika chumba cha mzee mmoja ambaye mafundi walimwita Bosi Mkasi, kwa kuwa kila malipo yaliyopita mikononi mwake yalitoka yakiwa mafupi. Ukiugua, kodi ya cherehani inaendelea. Uzi ukikatika, ni kosa lako. Taa ikiungua, ni kosa lako pia, maana wewe ndiye uliyekuwa unaona kwa hiyo taa.

Asubuhi moja binti yake aliamka na homa. Bi Pindo alichelewa. Alipofika, alikuta mtu mwingine amekalia kiti chake na kukanyaga cherehani aliyoilipia kodi. Bosi Mkasi hakuinua hata uso. "Cherehani hainisubiri mimi, itakusubiri wewe?" Siku hiyo Bi Pindo alikaa kwenye benchi la wateja, akakunja mapindo kwa mkono mpaka jioni, na kodi akalipa.

Binti yake, ambaye sasa ni mtu mzima, anakumbuka mama alivyorudi nyumbani. "Hakulia. Alinigusa paji la uso, akasema homa imepungua. Kisha akasema, siku moja mwanangu nitachelewa kazini, na hatakuwepo mtu wa kuniuliza."

Alitaka nini? Alitaka cherehani yake mwenyewe na kiti ambacho hakuna wa kumwinua. Hilo tu.

Alianza na alichokijua, nacho ni kitambaa. Wengi wetu tunapopata pesa tunakula, tunalipa, tunavaa, halafu tunatazama kilichobaki tukiita akiba. Mara nyingi kilichobaki ni mfuko wenyewe. Bi Pindo alikuwa na neno kwa watu kama sisi. "Fundi hakunji pindo kwa makombo. Pindo hupimwa kwanza, ndipo unakata." Akipokea malipo, kabla ya sokoni, kabla ya dukani, alitoa pindo na kulipeleka benki. Kilichobaki ndicho kilichokuwa nguo, na nguo hiyo aliishi nayo hivyo hivyo hata ikiwa fupi.

Benki walimpa kadi ya kutolea pesa. Akairudisha. Mhudumu alimwambia, "Mama, bila kadi utapanga foleni." Bi Pindo akasema, "Ndiyo ninachotaka. Kwenye foleni ndipo akili hunirudia."

Sasa msione kama ilikuwa rahisi. Soli za viatu vyake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba alijua joto la barabara kabla ya mtangazaji wa hali ya hewa. Wenzake walimtania kwamba amejibana kama suruali ya mwaka juzi. Alicheka nao. Pindo likaenda benki.

Kisha akaja kaka yake. Kaka huyo yuko hai, tumezungumza naye, na ameturuhusu tumseme. Alikuwa amepata rafiki, na rafiki alikuwa amepata mpango. Simu zilizotumika. Unanunua kwa jumla, unauza mojamoja, unakuwa tajiri. Kilichokosekana ni mtaji.

"Mdogo wangu," akamwambia, "pesa iliyolala haizai."

"Haijalala, kaka. Imekunjwa."

"Basi ikunjue. Mimi ni damu yako, na nina shida."

Bi Pindo aliacha kushona. Alisema, "Pesa ya nguo ninayo kidogo. Chukua, ule na watoto wiki hii. Ya pindo sikupi. Pindo hukunjuliwa mtoto akikua, si mtoto akilia."

"Una roho ya sindano wewe."

"Sindano ndiyo iliyokuvisha hiyo suruali, kaka yangu."

Kaka mtu aliondoka amenuna. "Alininunia mwaka mzima," anasimulia, kisha anajirekebisha: "Yaani mimi ndiye niliyenuna. Yeye aliendelea kunisalimia. Na ule mpango ulikufa ukiwa bado tumboni. Rafiki alihama, na namba yake ikahama naye."

Hapa, wasikilizaji wapendwa, mngetarajia niseme kwamba alikwenda benki, akatoa pesa, akanunua cherehani. Hapana. Hapa ndipo fundi wetu alipokosea, na ni kosa ambalo angeweza kulifanya fundi tu.

Palikuwa na mzee jirani, fundi wa siku nyingi, ambaye macho yalianza kumsaliti. Alikuwa anauza cherehani yake, ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, yenye mlio laini. Alimtaka Bi Pindo aichukue. Pesa ilikuwa imetosha. Nasema tena, ilikuwa imetosha. Lakini Bi Pindo alisema ngoja kwanza. Ngoja iongezeke na kodi ya chumba. Ngoja ipite miezi ya ada. Ngoja iongezeke tena kidogo. Alikuwa amezoea kukunja hata akaogopa kukunjua.

Wakati huo alikuwa amemshonea binti yake gauni la bluu, la kuvaa siku maalumu tu. Aliliwekea pindo kubwa kuliko yote aliyowahi kukunja. Gauni likatundikwa. Ikafika siku ya kufunga shule, na binti alitakiwa kusoma shairi mbele ya wazazi. Akalivaa. Akainua mikono ili mama afunge vifungo, na mabega yakapasuka yote mawili.

"Sikuwa nimerefuka sana," anasema binti. "Nilikuwa nimepanuka. Nilidhani atanigombeza. Aliligeuza gauni, akatazama lile pindo. Lilikuwa zima, jipya kabisa. Akakaa kitandani. Akasema, tumelitunza mpaka limekosa wa kumfaa."

Sote tunaijua methali ya akiba haiozi. Bi Pindo aliiongezea mkia asubuhi ile, na mkia huo mtaa wetu unaunukuu mpaka leo. Alimwambia bintiye, "Akiba haiozi, mwanangu. Lakini inaweza kubana."

Kisha akasema, "Vaa sare usome shairi lako. Nitakuja nikitoka benki."

Alipanga foleni. Akili ilimrudia kama kawaida, na safari hii ilimwambia toa. Alifika kwa mzee jirani kabla ya mchana.

"Nilidhani umeghairi," mzee akamwambia.

"Nilikuwa napima."

"Fundi anayepima kila siku hushona lini?"

Shairi aliliwahi kwenye ubeti wa mwisho. Cherehani ilibebwa kwa mkokoteni hadi barazani kwake, kwa sababu chumba cha kukodi hakikuwepo bado. Na siku yake ya kwanza ya kujitegemea, Bi Pindo alichelewa kazini kwa makusudi. Alikunywa chai. Akaongeza kikombe. Akalitazama jua likipanda ukutani. Kisha akatembea hatua zake chache hadi barazani, akaketi, akajiuliza kwa sauti ya Bosi Mkasi, "Umetoka wapi saa hizi?" Akajijibu, "Kwangu."

Baadaye kilikuja chumba, ikaja cherehani ya pili, wakaja wanafunzi. Hakuna mwanafunzi aliyekodishwa kiti. Na kila aliyelipwa aliulizwa swali moja kabla hajatoka mlangoni: "Umepima pindo?" Hata kaka yake aliulizwa. Leo ana kibanda chake cha kutengeneza simu. Anasema mtaji wake ulitoka kwenye pindo, na pindo lilikuwa lake mwenyewe.

Mwaka huu mikono ya Bi Pindo ilianza kutetemeka. Uzi ukakataa tundu la sindano. Alimwita binti yake, akamwambia alitoe lile gauni la bluu. Ndiyo, alikuwa amelihifadhi. Akamwelekeza: fumua pindo lote, kata, tia mabegani. Mjukuu ni mfupi na mabega yake ni mapana. Litamkaa. Binti alishona, mama akikagua kila mshono, na miwili aliamuru ifumuliwe.

Kwa binti yake, kaka yake, mjukuu wake na wanafunzi wake wote, poleni sana. Mmepoteza mkono uliowapima bila kuwadharau. Mungu awape subira, naye ampumzishe.

Nasi tuliobaki na redio zetu, tujiulize mawili usiku wa leo. Je, mwezi huu nimepima kabla ya kukata? Na lile nililolikunja siku nyingi, si wakati wake umefika?

Mjukuu alilivaa gauni lile mazishini. Bluu yake imepauka, ni ya zamani. Ila mabegani imekolea, kama imetoka dukani jana. Kitambaa kile kilikaa ndani miaka yote bila kuonwa na jua.