Feruzi bin Alimasi, Nahodha Aliyesema Mwanachama Halipwi

Waungwana wa Rumonge, na ninyi mliotembea tangu alfajiri kutoka Kigwena na Muhuta kuja kutushika mkono, mimi Assumani, mdogo wake marehemu, nimepewa na ukoo kazi ya kuwasomea maisha yake, na nitayasoma yote, hata pale panaponichoma, maana mwenyewe aliagiza hivyo akiwa bado na akili zake timamu.

Marehemu Feruzi bin Alimasi alizaliwa Ujiji, mwezi wa Rajabu mwaka 1290, ambao kwa hesabu ya Wadachi ni 1873, akasoma chuoni hukohuko na kuhitimu Kurani mwaka 1886, na mwalimu wake alizoea kusema kwamba kijana huyu ana sauti ya watu watatu na masikio ya nusu mtu, kwa jinsi alivyopenda kuagiza kuliko kuagizwa. Mwaka 1895, kabla boma la Usumbura halijajengwa, alihamia hapa Rumonge, akauza chumvi ya Uvinza na mawese ya Kigwena, na kipimo chake hakikuwahi kulalamikiwa na mtu. Tarehe 9 Mei 1898 alimwoa Bi Zuwena binti Sikujua, wakajaliwa watoto wanne, wawili wakatangulia wakiwa wachanga, na walio hai ni Asmani na Biasha, mnaowaona hapa mbele.

Mwaka 1906, baada ya Idi, alianzisha Chama cha Kafi, tukawa tunashindana kwa mitumbwi na wenzetu wa Nyanza na Muhuta kila sikukuu, na kila tarehe 27 Januari, siku ya kuzaliwa Kaisari, mbele ya boma la Usumbura, na sharti lake lilikuwa moja, kwamba kila mtu aje na kafi yake na mikono yake, wala mwanachama asilipwe kitu, kwa sababu, alisema, anayelipwa ni mpagazi. Sharti hilo lilitupa kichwa kikubwa, na mimi niliyesimama hapa nililishangilia kuliko wote.

Miongoni mwetu alikuwepo Abasi, fundi wa mitumbwi, ambaye hakuwa na shamba wala duka, mikono yake ndiyo ilikuwa shamba, naye alituchongea mitumbwi mitatu, kila mmoja ukimla miezi miwili, bila kupata hata kipande cha kaniki, huku mkewe Mwasiti akija kwa Bi Zuwena kuomba mawese ya mboga. Mwaka 1911 Abasi alipougua jicho, tulimwita fundi wa Nyanza atuzibie ufa, na huyo mgeni tulimlipa rupia siku ileile, tena tukamchinjia mbuzi. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, sisi yule aliyecheza kwetu tukamwacha mikono mitupu.

Abasi alipopona, alisimama katikati ya kikao akasema, “Bwana Feruzi, kafi napiga kwa mapenzi, lakini shoka ndiyo chakula ya watoto yangu,” na marehemu akamjibu kwamba ndugu hauzi undugu, tukacheka, na kicheko kile ndicho kilichomhamisha Abasi, kwa maana mwezi uliofuata alivuka ziwa na jamaa yake kwenda Ubwari, ng'ambo, akatafuta ujira wa kukata miti. Mwezi Julai 1912 mti mmoja ulimwangukia akafa, akiwa peke yake, bila mtu wa kumshikia kamba, na hapa Rumonge kamba hizo tulikuwa tukimshikia watu ishirini.

Habari hizo hatukuzipata. Mwaka 1913, mwezi Machi, marehemu alishikwa na malale, akapelekwa kambi ya wagonjwa huko Usumbura, akachomwa sindano miezi mitano, akarudi amepungua, na katika siku chache alizoamka vizuri hakuzungumza chumvi wala mashindano, alizungumza habari za Abasi, akisema kwamba alichanganya mchezo wa mtu na riziki ya mtu, na mwezi Januari mwaka huu akanituma Ubwari na rupia za mitumbwi mitatu. Nilimkuta Mwasiti na kaburi. Nilirudi naye Alhamisi iliyopita, lakini marehemu alikuwa amelala usingizi ule usioamshwa, Mwasiti akakaa ubavuni pake siku mbili akingoja afumbue macho, hakufumbua, na marehemu akatutoka Jumamosi tarehe 14 Februari 1914, mwezi 18 Mfunguo Sita 1332, baada ya adhuhuri.

Tunamshukuru daktari wa kambi na wasaidizi wake, majirani waliotuletea kuni na maji, na ninyi wapiga kafi mliombeba, murakoze sana.

Jana Bi Zuwena alimkabidhi Mwasiti zile rupia, na alimwomba msamaha kwa niaba ya mumewe, naye Mwasiti alizipokea, akazifunga kwenye pindo la nguo, akasema, “Hii ni ya kazi. Ile ingine wataisema wenyewe kule.”

Basi pumzika kwa amani, kaka yangu, na ukionana na Abasi, usingoje akusalimu, wewe ndiye uanze.