Bado Kidogo, Mhandisi wa Kamera za Tanuri

Ndugu yetu mpendwa, ambaye nyumbani tulimwita Bado Kidogo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, akiwa mtoto wa tatu wa fundi saa na mwalimu wa shule ya msingi. Mama alikuwa akisema kwamba hata siku hiyo alijivuta.

Shuleni alikuwa hodari wa fizikia na mchelewaji wa kila kitu kingine. Aliwahi kung'oa kioo cha kabati la mama akakiegemeza kwenye kona ya ukumbi, apate kuliona birika jikoni bila kuinuka kitini. Chai ilifurika huku akiitazama. Alihitimu uhandisi mwaka 1988.

Kazi yake ilikuwa ile ile ya ukumbini. Alibuni kamera za kutazama plazma, yaani gesi inayopashwa moto kupita kiasi ndani ya tanuri la kuunganisha atomi. Kamera haiwezi kukaa uso kwa uso na moto huo, maana miali yake huiharibu. Hufichwa nyuma ya ukuta mnene, na vioo huipelekea picha kona kwa kona. Kioo kikisogea kidogo tu, unapiga picha ya ukuta. Alitueleza haya mara nyingi kuliko tulivyomwomba.

Mwaka 1994 alimwoa wifi yetu, mfamasia, na harusini alichelewa kwa sababu ya kioo kimojawapo. Mkewe alimvumilia, lakini si kimya kimya. Lalamiko lake kubwa lilikuwa kwamba mume huyu hakuwahi kumwambia neno tamu.

Mwaka jana daktari aliona uvimbe tumboni mwake, akataka upasuaji mara moja. Ndugu yetu akasema bado kidogo, tanuri linawashwa mwezi ujao. Uwashaji ukaahirishwa, naye akaahirisha upasuaji. Mkewe alimfuata hadi karakana akamwuliza, mbele ya wenzake, kama tanuri ndilo litakalomzika. Alipokubali kwenda, uvimbe ulikuwa umeenea. Inaudhi, na hatufichi kwamba tumemkasirikia mpaka leo.

Picha ya kwanza ya tanuri ililetwa wodini. Pembeni iling'aa rangi ya waridi. Katikati palikuwa peusi.

"Yaani ndiyo hii uliyoisubiri?" mkewe aliuliza. "Mbona katikati hamna kitu?"

"Hapo ndipo penye moto wote, mama watoto. Umezidi mno, kamera haiuoni. Kinachong'aa ni pembeni palipopoa." Akapumua. "Lile neno ulilokuwa ukinidai, lilikuwa hapo."

Mkewe alimjibu kwamba amechelewa, kama kawaida yake, kisha akaushika mkono wake. Alikuwa bado ameushika tarehe 17 Juni, saa nne asubuhi, ndugu yetu alipofariki.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, dada yake anayesoma haya, na kabati la mama lisilo na kioo hadi leo. Apumzike sasa kwa amani, na safari hii asituambie bado kidogo.